Usiagize Mayembe Nakasero

Mwongozo huu ni wa msemaji wa Kiswahili anayeshuka basi Kampala, katokea Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Bukavu, moyoni akiamini kwamba Kiganda ni Kiswahili kilichovalishwa kanzu ndefu. Imani hiyo ina ushahidi. Omuntu ni mtu, ennyumba ni nyumba, amazzi ni maji, okulya ni kula. Kwa siku za mwanzo imani itamfikisha mgeni hotelini, itamnunulia chapati na kumrudishia chenji. Itamtupa mkono siku atakapoingia bila kujua kwenye msamiati wa wazimu. Na Kampala msamiati huo umetanda kila mahali, kwa muuza matunda, kwa mbadilisha fedha, hata kwenye kituo cha kupigia kura.

Tuanze na matunda, maana ndiko wengi huanzia. Umefika Soko la Nakasero, umeona embe zimepangwa mafungu, ukakumbuka kuwa lugha hizi ni ndugu. Unalichukua neno lako la maembe, unalipachika y katikati ili lisikike Kiganda, unaagiza mayembe, mafungu mawili, yaliyoiva. Muuzaji atakuuzia, kwani masikio ya Nakasero yamezoea kila lafudhi. Jirani yake atacheka, nawe utadhani anacheka bei uliyopigwa.

Embe kwa Kiganda ni omuyembe, na zikiwa nyingi ni emiyembe. Amayembe ni kitu kingine kabisa. Ejjembe ni pembe, na amayembe ni pembe zenye nguvu ndani yake, zile ambazo kwa imani ya Kiganda mtu anaweza kuzimiliki, kuzitunza, na akikasirika, kuzituma kwa jirani. Zikitumwa hazibishi hodi. Husemwa kuwa huua mifugo, huvuruga nyumba, na kazi yao mojawapo inayotajwa sana ni kumharibu mtu kichwa. Kwa hiyo ulichoagiza pale sokoni, kwa sauti ya uchangamfu na noti mkononi, ni mafungu mawili ya wazimu wa kupeleka nyumbani. Ushauri: nyoosha kidole.

Ukitoka hapo unakwenda kubadili fedha, na Kampala Road ina vibanda vya kutosha. Fedha ni ensimbi. Neno hili litakufurahisha, kwa sababu ni simbi, zile kauri za pwani zilizopanda bara na misafara ya biashara zikawa sarafu ya Buganda. Unaweza hata kujiona mwenyeji. Usijione. Irabu ya mwisho ikiteleza kidogo tu, i ikawa u, umepata ensimbu, na ensimbu ni kifafa. Dirishani utakuwa umetoa dola mia moja na kuomba ubadilishiwe ziwe kifafa. Hili si la kucheka sana. Daktari John Orley, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waganda na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alieleza jinsi kifafa kilivyoogopwa kuliko hata wazimu: kilidhaniwa kuambukiza, na mgonjwa akatengewa vyombo vyake vya kulia. Wako Kampala watu waliokulia katika nyumba za namna hiyo, na hawalitaji neno lile ovyo.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Wazimu ni eddalu. Aliyepatwa nao ni mulalu, wakiwa wengi ni balalu, na kupatwa nao ni okulaluka. Sikio la Kiswahili halina la kufanya hapa ila kusikia kulala. Ukiambiwa kuwa bosi wako mpya alaluse, utashusha sauti na kunyata ili usimwamshe. Hajalala. Ameshikwa na wazimu, au angalau ndivyo wafanyakazi wake wanavyoona, na ukinyata ukamkuta yuko macho hutakuwa na cha kujitetea.

Neno hili lina ndugu kila upande. Vuka Malaba uingie Kenya, Waluhya watakuelewa ukisema omulalu. Elekea magharibi, l inalainika kuwa r, na kwa Wanyankole mtu hugwa iraro, yaani huanguka ndani ya wazimu kama tundu la barabarani lisilo na alama. Ukivuka mpaka wa Rwanda undugu unakatika: kule ni umusazi, na isazi ni nzi, jambo ambalo mgeni mwenye haraka atalichanganya mchana kweupe akiwa mkahawani. Kwa Waacholi, ambao wana mtaa wao wa machimbo ya mawe huko upande wa Kireka na Banda, kichaa ni lapoya. Fikiria mwenyewe jinsi jibu letu la “poa” linavyosikika pale unapoulizwa hali.

Lakini mtego mbaya kuliko yote upo palepale Buganda. Mulaalo, kwa irabu ndefu na o mwishoni, ni mchunga ng'ombe. Wakiwa wengi ni abalaalo. Kwa lugha ya siasa za Uganda, balaalo ni wafugaji wanaohama na makundi makubwa kutoka magharibi na kuingia ardhi za watu wengine. Mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kiutendaji ya kuwataka waondoke kaskazini mwa nchi, na suala hilo likajaza magazeti na vikao vya wabunge. Mgeni anayetaka kuonyesha kuwa anafuatilia habari, akauliza kwenye takisi iliyojaa watu kama serikali imeshawaondoa balalu kaskazini, atakuwa amewaita wafugaji vichaa mbele ya abiria 14 ambao hajui nani ni mtu wa nani. (Takisi ya Kampala ni daladala. Gari dogo la kukodi peke yako lina jina jingine na bei nyingine.) Basi neno hilo usiliguse. Na msimu wa uchaguzi ukifika, kumbuka kura ni akalulu. Ukiikosea irabu ya katikati, ukasema akalalu, umetaja kichaa mdogo. Wapo watakaokupigia makofi wakidhani ni msimamo wako.

Baada ya kujifunza mulalu, mgeni hupata hamu ya kulitumia. Atasikia vijana wakirushiana neno hilo kwenye kijiwe cha bodaboda bila mtu kukunja uso: mmoja kapita katikati ya magari mawili ya mizigo, mwenzake anamwita mulalu kwa upendo, wote wanacheka. Mwanamuziki akipagawisha ukumbi naye ni mulalu. Mgeni atahitimisha kuwa hilo ni tusi jepesi, kisha atafute jepesi zaidi. Kamusi itampa musiru, mjinga, naye atalitumia kwa afisa, kwa mwenye nyumba, au kwa mzee wa watu anayestahili kuitwa ssebo, yaani bwana. Hapo ndipo atakapoona Kampala nyingine.

Kwa nini “mjinga” liume kuliko “kichaa”? Jibu zuri kuliko yote niliyokutana nayo halikutoka Kampala. Mwaka 45 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria na msemaji wa Roma, aliandika mazungumzo ya falsafa aliyoyaweka katika nyumba yake ya shamba huko Tusculum, na humo akasimama kidogo kwenye msamiati wa wazimu. Kilatini, alisema, kina maneno mawili pale Wagiriki wanapojikanyaga na moja. Kuna insania, kukosa uzima wa akili, nayo aliiona kwa kila mpumbavu, hata yule anayeendesha shughuli zake na kulipa madeni kwa wakati. Na kuna furor, giza zima la akili. Furor ni kubwa zaidi, lakini inaweza kumwangukia hata mwenye hekima. Insania haimpati mwenye hekima kamwe. Akaleta ushahidi wa sheria: Mbao Kumi na Mbili, sheria kongwe za Roma za karne ya 5 kabla ya Kristo, zilipomwondolea mtu usimamizi wa mali yake zilitumia neno la furor, wala hazikutaja insania. Busara tupu. Zingetaja insania, Roma nzima ingekosa mtu wa kushika funguo.

Cicero angekaa vizuri kwenye kijiwe cha boda. Eddalu ni furor: inakuja kutoka nje, haichagui, imempata fulani na kesho inaweza kukupata wewe, aliyeitwa mulalu hajalaumiwa. Obusiru ni insania: uko nao, umekua nao, na unapaswa kuona haya. Ndiyo maana la kwanza linaweza kuwa sifa na la pili haliwezi.

Watu wa Ulaya ya kaskazini, ambao hawakutawaliwa na Roma, nao waliunda neno kwa mtindo uleule wa insania. Uswidi wana vansinne, Denmark wana vanvid, yote yakianza na kikanushi na kumalizia na akili. Hayo ni ya vitabuni na magazetini. Mtaani wana neno la zamani zaidi, galen kwa Mswidi na gal kwa jirani zake, lililozaliwa na kitenzi cha kale cha kuimba nyimbo za uganga: kichaa wao ni mtu aliyeimbiwa akarogwa. Kwa hiyo Mdenmark anapouliza kuna tatizo gani, hutumia neno la wazimu, galt, bila kujishtukia. Nao wana mayembe yao. Rolig kwa Mswidi ni ya kuchekesha. Kwa Mdenmark na Mnorwei ni tulivu. Shirika linalowaweka Mswidi na Mdenmark ofisi moja mtaani Kololo, Kampala, mmoja akiandika kwenye ripoti kuwa mkutano na wanakijiji ulikuwa rolig, limejitafutia lenyewe.

Kiswahili chetu hakina haki ya kuwacheka. Hebu angalia mzigo tunaokuja nao Kampala. Majununi ni Mwarabu, maana yake aliyeingiliwa na majini. Punguani kapungukiwa. Hamnazo hana haja ya maelezo, ukigonga kichwa unajibiwa. Mwenzetu akizidiwa twasema amerukwa na akili, kapandwa na wazimu, kapagawa, kadata. Mara akili ndiyo inayoondoka, mara mgeni ndiye anayeingia, hatujaamua. Wakongomani wa Kampala wao husema liboma, neno la Kilingala, wakaendelea na biashara. Na wazimu wenyewe una mzimu tumboni, roho ya marehemu, hata kama Mdar wa leo akisema “una wazimu wewe” hafikirii kaburi la mtu yeyote.

Kampala watalifikiria. Omuzimu kwa Kiganda ni roho ya aliyekufa, na haijachakaa ikawa tusi la foleni. Ukimwambia mwenyeji kwa Kiswahili kuwa kaka yake ana wazimu, anaweza kuelewa kuwa unamweleza kisa: babu fulani hajaridhika, kuna jambo la ukoo halikutimizwa. Kwa nia njema kabisa atakuuliza umeonaje. Ukiendelea kuzungumza kwa kujiamini utajikuta umekuwa mganga, na kesho yake kuna watu wawili wanakungoja nje wakiwa na kuku. Ukimwambia mlokole ndiyo kabisa. Huyo atakupeleka kwenye maombi ya usiku kucha, wewe na kaka wa mtu.

Halafu kuna namna ya kusema. Tanzania, “we mwehu” kati ya marafiki ni salamu. Kampala, Kiswahili kina historia ambayo mgeni hakuileta yeye lakini ataibeba. Ni lugha iliyofundishwa mitaani na askari. Idi Amin aliipa hadhi ya lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa raia wa kawaida ikabaki na sauti ya kizuizi cha barabarani: kaa chini, toa kitambulisho, panda gari. Hilo la mwisho lilikuwa jina la misako ya miaka ya 1980, zama za Rais Obote kurudi madarakani, watu walipozolewa mitaani na kupakiwa kwenye malori. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Watoto watakijua kwa nyimbo na mitihani. Mama yao mwenye umri wa miaka 60 anakijua kwa mlango uliopigwa teke. Ukimpigia kelele kondakta “una kichaa?” kwa lafudhi safi ya Tanga, abiria huyo wa siti ya nyuma hatasikia utani. Sema polepole, tabasamu, na tusi liache.

Tuje kwenye majina ya mahali, ambako hata aliyefaulu majaribio yote ya juu huanguka. Kampala ukisema Luzira umesema gereza. Ukisema Mulago umesema hospitali. Ukisema Butabika umesema wazimu, na huhitaji kuongeza kitu. Mgeni anayepewa nyumba nzuri ya kupanga, hewa ya ziwa, kodi nafuu, ataita marafiki na kutangaza kwa Kiganda chake kipya, “Nsula Butabika.” Amesema ukweli: ninaishi Butabika. Kitakachofuata ni kicheko cha dakika tano, na jina la utani litakalodumu hadi atakapohama nchi. Hiyo ndiyo bahati ya wakazi wa huko. Wana maduka, shule, misikiti, makanisa na takisi za kwenda mjini kama mtaa wowote, na kila siku ya Mungu wanaulizwa wametorokaje.

Masikio yetu hulichanganya jina la Butabika na taabika, na wapo wanaofikia hata kuandika hivyo. Ni jina la mahali tu, hospitali ilikuja ikalirithi. Kabla ya hapo wagonjwa wa akili wa Uganda hawakuwa na pao. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwaweka kwenye gereza la Hoima, mbali magharibi, chini ya askari magereza. Katika miaka ya 1930 wakaletwa Mulago, mjini, kwenye hospitali yao iliyojaa haraka. Butabika ilifunguliwa mwaka 1955 upande wa mashariki wa jiji, karibu na Ziwa Victoria, na mpaka leo ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa kwa magonjwa hayo. Imepangiwa vitanda 550. Wanaolazwa huvuka idadi hiyo mara kwa mara, na hakuna aliyekuja kwa sababu rafiki yake alimtania.

Sasa Mtanzania aliyecheka mno hapo juu asikie lake. Kwao, mtu akifanya vituko huambiwa apelekwe Mirembe, kwa sababu ya hospitali ya Dodoma iliyoanza miaka hiyohiyo ya 1920. Akija Kampala, akatambulishwa kwa msichana mpole aitwaye Mirembe, huangua kicheko. Hakuna anayecheka naye. Emirembe ni amani. Ni jina ambalo wazazi huliteua kwa shukrani, na kuna Mirembe katika kila ofisi. Akipanda hadi Mbale kwa Wagisu, watamsalimu “mulembe” tangu asubuhi, naye atarudi akidai mji mzima umemtukana. Mkenya naye ana Mathari yake, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910. Mzanzibari ana Kidongo Chekundu. Wa Tanga wana Lutindi, milimani Usambara, kazi ya wamisionari wa Kijerumani. Kila mji wa Afrika Mashariki umechukua mahali pa kutibia watu ukapafanya tusi, kisha unashangaa mbona watu hawaendi kutibiwa mpaka wafungwe kamba.

Usidhani pia kwamba neno la wazimu litabaki kijiweni. Uganda limewahi kupanda kizimbani. Aprili 2017 Daktari Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alifikishwa mahakama ya Buganda Road kwa maandishi yake ya mtandaoni, ambamo alimfananisha rais na sehemu ya mwili inayokaliwa. Upande wa mashtaka haukuridhika kumshtaki. Uliomba apimwe akili, ukitumia Sheria ya Matibabu ya Akili ya mwaka 1938, iliyotungwa na wakoloni na bado ikiwa hai. Yeye akapinga, akalipeleka suala hilo Mahakama ya Katiba. Cicero asingeshangaa: neno la kichaa likishaingia sheriani, swali ni nani anapewa ruhusa ya kulitamka. Miaka miwili kabla, 2015, Mahakama hiyohiyo ya Katiba ilikuwa imekwishaona kuwa Kanuni ya Adhabu inawaita watu wenye ulemavu wa akili kwa majina ya kejeli, ikataka maneno hayo yabadilishwe. Sheria ya 1938 yenyewe ilikuja kufutwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018. Mgeni anayepanga kumwita kiongozi mulalu kwenye mtandao azingatie mwelekeo ambao kipimo kinaweza kuelekezwa.

Limebaki neno moja dogo, nami nalipenda kuliko yote. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Uganda, wasichana wachache walianza kucheka na kulia, wakashindwa kuacha. Kufikia Machi 18 shule ilifungwa. Wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliorudishwa makwao waliufikisha ugonjwa vijijini, na pale Nshamba watu 217 wakashikwa. Madaktari Rankin na Philip walioandika habari hiyo mwaka 1963 hawakukuta sumu wala kijidudu. Waliandika majina ambayo wananchi waliupa ugonjwa huo: moja lilikuwa la kucheka, jingine lilikuwa akajanja, nao wakaeleza kuwa maana yake ni wazimu.

Kajanja lipo Kampala mpaka leo, ila limeshuka cheo. Ni kimbelembele. Ni yule anayeinua mkono kabla swali halijaisha, anayeshika kipaza sauti harusini bila kuitwa, anayesahihisha Kiganda cha Waganda. Msomaji aliyefika hapa akiwa amekariri eddalu, ensimbu, iraro na amayembe, na sasa ana hamu ya kuyamwaga yote kwenye takisi ya kwanza, ajue kuwa jina lake limeshapatikana.

Kama una mgonjwa kweli, mambo ni mepesi kuliko maneno yake. Sheria ya 2018 inamruhusu mtu kujipeleka mwenyewe, bila polisi na bila kamba, na hospitali za rufaa za mikoani nazo zina vitengo vya akili, si lazima kila mtu asafirishwe hadi Kampala. Butabika ina wauguzi, ina kliniki ya wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na wamo waliowahi kulazwa pale ambao sasa huwasaidia wanaoingia. Kondakta mwambie jina la kituo tu, kwa sauti ya kawaida, kama unakwenda kununua samaki. Ukifika langoni, msalimie askari vizuri, ssebo, au nnyabo akiwa mwanamke, umwulize ameshindaje na usubiri ajibu, ndipo useme shida yako. Buganda, mtu anayeanza na shida kabla ya salamu ndiye wanayemtazama mara mbili.